Nyumba ya Nusu Bei

Wanaume wengine huoa mke wa pili. Wangu alioa punguzo. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu, maana mimi ndiye niliyekuwa nalala naye, na hata usingizini alikuwa analitaja. Anageuka upande wa pili, anaguna, "Nusu bei, mke wangu, nusu bei," kisha anaendelea kukoroma kama mtu aliyeshiba.

Yeye ni fundi wa jengo. Bomba likivuja, kitasa kikigoma, lifti ikikwama na mtu ndani, anaitwa yeye. Na kwa kuwa fundi wa jengo anatakiwa awe karibu, ofisi ilimpa nyumba pale pale, ghorofa ya kwanza, vyumba viwili na jiko, kwa nusu ya kodi wanayolipa wapangaji wengine. Hilo ndilo punguzo lenyewe. Siku aliyopewa habari aliingia ndani kifua mbele, utafikiri ameachiwa jengo zima kwenye wosia.

Haya, tukahamia. Haukupita muda nikagundua kwamba ile nusu nyingine tunailipa kwa njia nyingine. Mama wa ghorofa ya tatu taa yake ikiungua, anagonga. Yule bwana wa juu kabisa akipoteza ufunguo, anagonga. Watu walimgongea mume wangu akiwa bafuni na povu kichwani, naye anatoka hivyo hivyo na povu lake, "Nakuja bosi, nakuja!" Nikimwambia angalau amalize chakula, ananitazama kama mimi ndiye niliyepungukiwa. "Tunakaa nusu bei, mke wangu. Usisahau." Ebo! Ningesahau vipi, na nimeletewa uke wenza nayo?

Mlinzi wa getini, mtu mwenye mdomo usio na breki, ndiye aliyembandika jina. Mume wangu akipita anamsalimia, "Shikamoo Fundi." Akishapita anasema, "Nusu Bei huyo anakwenda." Mimi nilisikia, na nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Mwanaume akijikomba kiasi kile, hata mkewe ana haki ya kucheka.

Kilichonifanya nivumilie nyumba ile ni kitu kimoja tu, mama mkwe wangu. Tangu afiwe na mumewe, bibi wa watu alikuwa amezungushwa kama sufuria ya kuazima. Alikaa kwa binti yake, mkwe akaanza kununa. Akaenda kwa mpwa wake, mke wa mpwa akaanza kuficha sukari. Magoti yamekwisha, mkongojo mkononi, na mfuko wake mmoja wa nguo. Tulipopata nyumba ile mume wangu alimfuata mwenyewe, akamwambia mbele yangu, "Mama, njoo kwangu. Huhami tena."

Mama akatega sikio. "Hebu sema tena nisikie."

"Huhami tena, mama."

Siku ile nilimpenda mume wangu, siwezi kukataa.

Nisiseme uongo, mimi na mama mkwe si kwamba tulikuwa chanda na pete. Alisema chakula changu hakina chumvi, nami nikasema ulimi wake umechoka. Lakini mimi ni fundi cherehani, nashona nyumbani, na yeye alizoea kuvuta kiti chake dirishani karibu na mashine yangu, anafumua pindo za nguo za zamani na kuniambia nani kapita nje na kavaa nini. Alikuwa anawasema watu vizuri sana. Mtu wa namna hiyo ukimzoea, nyumba bila yeye inakuwa kama redio iliyokatika.

Sasa kulikuwa na meneja wa jengo. Sisi tulimwita Manukato, kwa sababu harufu yake ilikuwa inapanda ngazi kabla yake. Ghorofa za juu kulikuwa na nyumba kadhaa zimekaa wazi, kuta zina ukungu, mabomba yanatema kutu, na kila mteja aliyepelekwa kuziona alishuka mbio. Mtu mwenye akili angetoa hela zikapakwa rangi. Manukato alikuja kwetu, akasimama katikati ya sebule, akazunguka polepole na mikono nyuma.

"Fundi," akasema, "nyumba yako inapendeza. Kuanzia leo hii ndiyo nyumba yetu ya mfano."

Maana yake ni kwamba wanaotafuta nyumba wataletwa kwetu, wataona usafi, watasema wamependa, watalipa, kisha watapewa ufunguo wa ile ya juu yenye ukungu. Ni ule ule ujanja wa muuza matunda, yaliyoiva juu ya fungu, yaliyooza chini. Na mume wangu, aliyevikwa kilemba cha ukoka hivi hivi anaona, alikipokea kwa mikono miwili. "Heshima kubwa, bosi," akasema. Heshima!

Manukato akaanza masharti. Wageni wakija kusiwe na harufu ya kitunguu. Nguo zisianikwe. Cherehani ifunikwe, maana inaifanya nyumba ionekane kiwanda. Halafu akamtupia mama jicho la pembeni, pale dirishani alipokaa na fungu la nyuzi mapajani.

"Na bibi... Unajua, Fundi, wateja wetu ni vijana. Wakiona mkongojo wanawaza hospitali. Atafutiwe mahali pa kupumzika kidogo."

"Mimi sijachoka, mwanangu," mama akasema.

Manukato akacheka. Mume wangu naye akacheka. Nilimwona kwa macho yangu akicheka, meno yote nje, mamake yuko hapo hapo.

Hapo mahali pa kupumzika palikuwa chumba cha pampu. Kiko chini ya jengo, unashuka ngazi kwa nyuma, mlango wa chuma, hakuna dirisha, hakuna chochote ila pampu inayosukuma maji kwenda kwenye tangi la juu, mabomba ukutani, na harufu ya unyevu na grisi. Mume wangu alipeleka kiti cha plastiki. "Kule kuna ubaridi mzuri, mama," akasema. Ubaridi mzuri!

Nilimvuta jikoni. "Wewe, mamako ni ufagio? Wageni wakija anafichwa nyuma ya mlango?"

"Punguza sauti, mke wangu. Ni muda mfupi tu."

"Ulimwambia hahami tena."

"Kwani amehama? Si anakwenda na kurudi? Tunakaa nusu bei, lazima na sisi tuelewe."

"Elewa peke yako! Bibi ana magoti mabovu, ngazi zile hata mbuzi anazifikiria mara mbili!"

Mama akagonga mkongojo sakafuni huko sebuleni. "Acheni kelele zenu. Nitakwenda. Nimekaa na mkwe anayenuna, sitashindwa kukaa na mashine."

Basi ikawa ndiyo kawaida. Manukato anapiga simu, mume wangu anamshika mama mkono, wanashuka. Wageni wanaingia na viatu vyao, wanachungulia chooni kwetu, wanafungua friji yetu, wanakwenda zao. Mama anapandishwa tena. Mara ya kwanza aliporudi nilimuuliza kukoje. Akasema, "Ile mashine inakohoa kuliko mimi. Nimeipa pole." Nikacheka mpaka nikajichoma na sindano. Kisha nikageuka dirishani ili asinione uso.

Ungedhani mume wangu angeona aibu kidogo. Wapi! Yeye ndiyo kwanza akapata moto. Mtu ambaye zamani alikuwa akipita mara mia kwenye mlango wa kabati uliolegea, sasa akawa anarekebisha kila kitu. Akaokota vigae vilivyobaki kwenye ukarabati wa mapokezi, akapamba jiko. Akavuta bomba kutoka kwenye tangi moja kwa moja hadi kwetu, kiasi kwamba jengo zima likikauka sisi tunaoga. Akanibembeleza nishone mapazia, nami nikayashona kwa vipande vya vitambaa vya wateja, kijani na ukanda wa njano chini, na kusema kweli yalitoka vizuri. Kisha akaacha hata kumngoja Manukato aongee. Aliongea mwenyewe.

"Fungueni bomba! Fungueni tu, msiogope! Mnaona maji hayo? Jengo zima hamtapata maji kama haya."

Manukato akikunja uso yeye haoni. Anawapeleka jikoni, anagonga vigae kwa kidole. Anawafungulia madirisha. Watu wanasema, "Fundi, unaipenda nyumba yako," naye anavimba.

Jioni moja mama alimwangalia akipangusa kioo cha dirisha kwa gazeti, akamwambia, "Mwanangu, kizuri chajiuza. Hicho usikisaidie sana."

"Mama, haya ni mambo ya kazi," akajibu, wala hakugeuka.

Halafu ikaja siku waliyomsahau. Nilikuwa nimekwenda dukani kutafuta zipu na uzi. Narudi, nakuta Manukato amekaa kwenye kochi letu, miguu imetandazwa, soda mkononi, na mume wangu pembeni yake na soda yake, wanagonganisha chupa. Mteja alikuwa amelipa hapo hapo na kuondoka. Nikatazama dirishani. Kiti hakina mtu.

"Mama yuko wapi?"

Mume wangu akajishika mdomo.

Sikumngoja. Nilishuka zile ngazi mbio na zipu mkononi. Nafungua mlango wa chuma, ndani giza totoro. Taa ilikuwa imeungua. Fundi anayekimbia na povu kichwani kumbadilishia balbu mama wa ghorofa ya tatu, taa aliyomwachia mamake ilikuwa imeungua! Nikaita. Sauti ikatoka gizani, "Nipo. Sijaenda mbali." Nikapapasa mpaka nikamfikia. Pampu ilikuwa inavuja, maji yametanda sakafuni, na ndala zake zimelowa, miguu baridi kama samaki wa kwenye barafu.

"Wageni wamekwenda?" akaniuliza.

"Wamekwenda, mama."

"Nyumba wameipenda?"

Nilipiga magoti kwenye yale maji nikamfuta miguu kwa gauni langu, na nilikuwa nalia kwa hasira, sikujificha.

Niliyomwambia mume wangu siku ile hayasemeki mbele za watu. Alinisikiliza kichwa chini. Kesho yake akaniita kwa furaha kwamba amemwekea mama balbu mpya, ile yenye mwanga mkali. Ile pampu inayovuja? Alikuwa hajapata nafasi, ghorofa ya tano walikuwa na tatizo la sinki. Loo, mwana mwema! Kila mama ajaliwe mmoja.

Nikasema nitazuia. Mgeni mwingine akija, mama habanduki dirishani, na atakayetaka kumbandua aanze na mimi. Lakini asubuhi alipokuja mama mmoja wa miwani, mimi nilikuwa nimekwenda kupeleka sare za wanafunzi kwa mteja, na niliporudi mama alikuwa ameshashushwa. Mume wangu alinikodolea macho ya kuniomba nisianze. Manukato na mgeni wake walikuwa tayari mlangoni. Nikasimama kando ya mashine yangu iliyofunikwa shuka kama maiti.

Huyo mama alivaa miwani ya jua kichwani, kama vile macho yake yako juu. Hakuuliza kitu, alifanya. Alifungua makabati. Aliingia chumbani, akakaa kwenye kitanda changu, akadundadunda. Akaja sebuleni akashika pazia.

"Kashona nani?"

"Mimi," nikasema.

"Mazuri," akasema, kwa namna mtu anavyomsifia mbwa wa jirani.

Na mume wangu? Alikuwa juu ya jukwaa! Maji, vigae, upepo, jua la asubuhi. Alisema, namnukuu, "Mama, ukiingia hapa hutataka kutoka." Kwa mdomo wake mwenyewe.

Manukato akampeleka juu kumwonyesha "ile ya kwako". Hawakukaa. Yule mama alishuka amekunja pua.

"Sitaki ile. Nataka hii."

Manukato akacheka. "Hii anakaa mfanyakazi wetu."

"Analipa kodi nzima?"

Manukato akaacha kucheka. Akatazama vigae. Akatazama mapazia, na bomba, na dirisha lililopanguswa kwa gazeti. Nilimwona anaitazama nyumba yetu kwa mara ya kwanza.

"Fundi," akasema kwa sauti ya asali, "wewe ni mtu wetu. Utaelewa."

"Naelewa, bosi," mume wangu akajibu. Hata hajaambiwa aelewe nini!

Akaambiwa. Punguzo si haki, ni hisani ya ofisi. Ofisi ikipata mpangaji wa kodi nzima haiwezi kumkataa. Lakini ofisi haimtupi mtu wake. Kuna kile chumba cha chini, cha pampu. Kitapigwa rangi. Na kule, kwa sababu ya utumishi wake mwema, atalipa robo tu.

Mume wangu alikuwa amenywea kama puto. Aliposikia lile neno, naapa, akajaa tena. Akanigeukia. "Robo, mke wangu! Umesikia? Robo bei!"

Nilisikia. Nimewahi kumkasirikia mume wangu, nimewahi kumchoka, lakini kumdharau kwa roho yangu yote nilianza pale, katikati ya sebule, mbele ya mwanamke mwenye macho kichwani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sisi ndio tulikuwa tumesimama pale, matako nje, na huyu mwenzangu anasema ahsante.

"Mapazia yabaki," yule mama akamwambia Manukato.

Nikavuta kiti, nikapanda, nikayang'oa na fimbo yake.

"Mama, hayo ni sehemu ya nyumba," Manukato akaanza.

"Mapazia yangu hayana punguzo," nikamwambia. "Yaguse nikutie sindano." Akarudi nyuma. Ndiyo raha pekee niliyopata siku ile.

Yule mama alitaka kuhamia siku hiyo hiyo, na ofisi ilikwisha kukubali. Mlinzi akaja kunisaidia kubeba cherehani. Mume wangu akajitwika godoro kichwani. Tulipofika kwenye zile ngazi mlinzi akamwambia, "Taratibu, Robo Bei, panateleza." Safari hii hakungoja apite. Alimwambia usoni, na mume wangu akaendelea kushuka na godoro lake.

Na katika pilikapilika zote hizo, hakuna aliyekuwa ameshuka kumwambia mama. Alikuwa bado kule chini tangu asubuhi, amefichwa ili wageni wasimwone.

Tukamkuta kwenye kiti chake cha plastiki, chini ya ile balbu kali, mkongojo katikati ya magoti. Ndala alikuwa amezivua akazitundika kwenye bomba zisilowe. Akatazama godoro likiingia mlangoni kwa kukunjwa. Akatazama cherehani. Akatazama mapazia mkononi mwangu, kisha ukuta usio na dirisha.

"Nyumba wameipenda?" akauliza.

"Wameipenda mno, mama," nikasema. "Wamekaa."

Akaitikia kwa kichwa. Akavuta mkongojo wake kando.

"Basi karibuni, mimi ni mwenyeji. Baba, usisimame hapo, panavuja." Mume wangu akasogea hatua moja, maji yakamfuata. "Uliniambia sihami tena, na kweli sijahama. Ninyi ndio mmehamia. Sasa nawaomba jambo moja tu. Huku nako mkipata wageni, mniambie mapema. Maana chini ya hapa sijui utanipeleka wapi."

Mume wangu akafungua mdomo. Nilimngoja. Nilitaka nisikie kama ana ujasiri wa kuitaja, nusu, robo, yoyote ile. Pampu ikawaka, ikaanza kukohoa, na chumba kizima kikatetemeka. Akabaki amesimama kwenye maji na godoro kichwani, hana mahali pakavu pa kulitua, na mimi sikunyanyua hata mkono kumpokea.